Wanataka nishuhudie kuwa nimepona, na dawa bado nameza kwa kujificha

Shikamoo Shangazi,

Barua hii nimeiandika mara tatu na mara tatu nikaifuta. Leo naituma bila kuirudia, kwa hiyo unisamehe ikienda mbele na kurudi nyuma.

Nina miaka 41, mume, na watoto wawili. Miaka miwili iliyopita nilikutwa na saratani ya titi. Kabla ya hapo mimi na Mungu tulikuwa watu wa kupungiana mkono kwa mbali. Nilibatizwa, ndoa nilifunga kanisani, sikukuu kubwa sikukosa, basi. Kusali kwa maana ya kusali, mimi na Yeye peke yetu, sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Usiku wa siku ile niliyopewa majibu nilijifungia bafuni, nikafungua bomba ili mume wangu asinisikie, nikapiga magoti kwenye vigae. Sikujua waombaji huanzaje. Nilisema tu, "Nina watoto." Nikarudia maneno hayo hayo mawili mpaka magoti yakafa ganzi. Hakuna sauti niliyoisikia, wala mwanga sikuuona. Lakini nilitoka mle nikaenda kulala, na nilikuwa na siku nne sijapata usingizi.

Wiki ile ile mwenzangu wa kazini alinipeleka kwenye kikundi chao cha maombi. Shangazi, watu wale walinibeba, na sisemi kwa mfano. Nilifanyiwa upasuaji, nikaingia kwenye kemo, nikamalizia na mionzi, na katika miezi yote hiyo sikuwahi kwenda hospitali peke yangu. Walipangiana zamu kwenye daftari. Kabla ya upasuaji walifunga siku tatu. Nywele zilipoanza kunyofoka, kiongozi wa akina mama, ambaye mimi humwita Mama, alikuja akaninyoa mwenyewe huku anaimba taratibu, kisha akanifunga kilemba kana kwamba nakwenda harusini. Ziko siku sikuweza kuomba hata neno moja. Wao waliomba kwa sauti, mimi nikaitikia "amina" kwa ndani, na amina hiyo ndiyo ilikuwa nguvu yangu yote ya siku.

Mwaka jana, baada ya vipimo, daktari aliniambia, "Kwa sasa hatuoni ugonjwa." Lile "kwa sasa" alilitamka polepole. Akanieleza kwamba saratani yangu ni ya ile aina inayolishwa na homoni ya estrojeni, kwa hiyo nitameza tamoksifeni kila siku kwa miaka mitano, pengine na zaidi. Sasa nina mwaka na miezi mitatu.

Kikundini nilisema nusu tu ya maneno ya daktari. Nilisema, "Hawauoni tena." Chumba kililipuka kwa shangwe. Watu walilia, wakaruka, mimi mwenyewe nililia. Ile nusu ya pili ilinikwama kooni, nikajiambia nitaisema siku nyingine. Wiki chache baadaye kiongozi wetu akafundisha kwamba mtu aliyeponywa na Mungu kisha akaendelea na dawa ni sawa na mtu aliyepewa zawadi akairudisha mlangoni kwa aliyeitoa. Hakunitaja, na sidhani kama alikuwa ananifikiria. Lakini jioni ile nilizitoa dawa kwenye boksi lake nikazitia kwenye chupa ya vitamini, na huko ndiko ziliko mpaka leo.

Kuna kichekesho kimoja, kama ni kichekesho. Dawa hizi huniletea joto la ghafla, linapanda kifuani mpaka usoni, nalowa jasho kwa dakika chache kisha linapita. Siku moja lilinipata katikati ya maombi. Waliokuwa karibu nami wakapaza sauti kwamba moto wa Roho umenishukia. Nilinyamaza. Nikanyoosha mikono juu kama wengine.

Sasa wameandaa siku ya shukrani, wiki tano kutoka leo, na nimepangwa niwe wa kwanza kushuhudia. Kiongozi ameniomba niseme kwamba nimepona kabisa na kwamba ni kwa maombi. Mume wangu, ambaye si mtu wa ibada, anasema, "Waambie wanachotaka kusikia, urudi nyumbani umeze dawa yako. Nani atakufa?"

Ningemsikiliza, lakini yuko dada mmoja aliyejiunga nasi hivi karibuni, mdogo kwangu. Ana uvimbe kwenye titi. Amejua kwamba upo huu mwezi wa nne na hajaenda kupimwa. Wiki iliyopita alinishika mkono mlangoni akaninong'oneza, "Nasubiri ushuhuda wako. Nikishakusikia, sitahitaji kisu." Tangu siku hiyo usingizi umenipotea tena.

Na juzi binti yangu wa miaka tisa alinikuta nina kidonge mkononi. Akaitazama ile chupa, akanitazama mimi, akauliza, "Mama, Mungu hajui kwamba unameza hizi?"

Shangazi, mimi naamini maombi yalinisaidia. Siwezi kusema vinginevyo hata mbele ya daktari. Lakini dawa nazo siwezi kuziacha, kwa sababu naogopa kufa. Je, huko kuogopa ndiko kukosa imani kwenyewe? Na mtu aliyemkumbuka Mungu kwa sababu ya hofu ana haki gani ya kusimama mbele za watu? Nikisema kweli nitawapoteza walioninyoa nywele. Nikisema wanachotaka, namwogopea yule dada. Nifanye nini?

Anayemeza kwa kujificha

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Na pole, ingawa najua za pole umeshapewa nyingi.

Nikurudishie kwanza nilichosikia, unisahihishe nikikosea. Uliugua, ukaomba, na kuomba kukakushika usianguke. Watu wa maombi nao wakakushika. Hospitali ikakutibu. Katika maisha yako mambo hayo hayakugombana hata siku moja, maana waliofunga siku tatu ndio hao hao walioandika zamu za kukupeleka kwa daktari wa upasuaji. Ugomvi ulianza baadaye, ilipotakiwa sentensi moja fupi ya kusema nani kakuponya. Na wewe umebaki katikati, umeshika chupa ya vitamini isiyokuwa na vitamini.

Naomba turudi kidogo bafuni, kwa sababu naona unapaonea haya. Nani amekwambia kwamba ombi la hofu ni ombi la daraja la chini? Zaburi zimejaa watu waliolia kwa sababu maji yamewafika shingoni. Ile ya 88 haina hata mstari wa kufuta machozi mwishoni. Inaanza na kilio, inaishia gizani, na bado ikawekwa humo humo pamoja na zile za matari na vinubi. Mtoto anayemkimbilia mama yake kwa sababu ameona nyoka, mama hamwulizi asubuhi yote alikuwa wapi. Mimi nimesikia sala ndefu nyingi kwenye vipaza sauti, na sijui ni ngapi kati ya hizo zinalifikia lile "Nina watoto" lako. Angalia jambo moja, hata hivyo. Kule bafuni, pamoja na hofu yako yote, hukuficha kitu. Kuficha kulianza ulipopata watu wa kukusikiliza.

Sasa dawa. Unauliza kama kuogopa kufa ndiko kukosa imani, na nadhani swali lako kwa kweli ni kama kumeza kidonge ni kumwambia Mungu kwamba humwamini. Kikundi chenu bila shaka wanakijua kisa cha Mfalme Hezekia. Aliugua, akaambiwa atengeneze mambo ya nyumba yake kwa maana atakufa. Akaugeuza uso wake ukutani, akaomba, akalia sana, akaongezewa miaka 15. Wahubiri wanakipenda kisa hiki, nami nakipenda. Ila wengi huishia hapo. Ukisoma mbele kidogo katika Wafalme wa Pili, sura ya 20, mstari wa 7, utamkuta Isaya, nabii yule yule aliyeleta habari kwamba machozi yameonekana, akiagiza uletwe mkate wa tini. Ukawekwa juu ya jipu, mfalme akapona. Ahadi ilikuwa imeshatolewa. Tini za nini tena? Sina jibu la swali hilo, lakini naona nabii hakuona haya yoyote kuagiza dawa, na mfalme hakuificha kwenye chupa nyingine. Ndugu zetu Waislamu nao wana hadithi ya mtu aliyemuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au amwache tu na kumtegemea Mungu. Aliambiwa amfunge, kisha ategemee.

Na hebu nikuulize: mle kikundini wangapi wanavaa miwani? Wangapi wanameza dawa za presha? Sikuchokozi, wala usiende kuwauliza kwa kejeli. Nataka tu uone kwamba huenda sheria unayoiogopa haifuatwi na wengi kama unavyodhani, na kwamba chumbani mle huenda si wewe peke yako uliye na chupa.

Kidonge chako kinafanya kazi iliyo rahisi kuieleza. Seli za saratani ya aina yako zina mahali ambapo estrojeni hukaa ili kuziamuru zikue. Tamoksifeni hutangulia kukaa pale. Estrojeni ikija inakuta kiti kimekaliwa. Vipimo vinaweza kuwa safi na bado seli chache zikawa zimejificha mwilini pasipoonekana, na saratani ya aina hii ina tabia ya kurudi hata baada ya miaka mingi, ndiyo maana daktari wako alilitamka lile "kwa sasa" polepole. Mwaka 2011 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi. Kwa wanawake wenye saratani ya aina yako waliotumia tamoksifeni kwa kama miaka 5, vifo vya saratani ya titi vilipungua kwa karibu theluthi moja katika miaka 15 ya mwanzo. Kwa hiyo lolote utakalofanya siku ya shukrani, kuacha dawa liwe jambo la wewe na daktari wako tu, lisiamuliwe kwa mahubiri wala kwa safu hii. Lile joto nalo mwambie, lina namna ya kupunguzwa, lakini usijinunulie dawa ya kulizuia bila kuuliza, maana zipo zinazoipunguza nguvu tamoksifeni. Na tafadhali, leo hii, zirudishe kwenye boksi lake. Nyumba ina watoto. Siku mmoja wao akiumwa mafua na mwenzake akamletea "vitamini za mama", tutakuwa na barua nyingine kabisa.

Tuje kwenye neno lenyewe, ushuhuda. Neno hili ni ndugu wa shahidi. Shahidi akisimama kizimbani haulizwi anatamani nini kiwe kweli, anaulizwa aliona nini. Akisema asichokiona, hata kama ni kwa nia njema ya kumwokoa mtu asiye na hatia, amekwisha kuharibu kesi. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, yupo mtu aliyezaliwa kipofu akafunguliwa macho, na wakubwa wa dini wakambana atoe maelezo yanayowafaa wao. Alisema mengine hajui, ila neno moja analijua, kwamba alikuwa kipofu na sasa anaona. Walimrudia, wakambana tena, mwishowe wakamtoa nje. Wale kumi wenye ukoma nao waliambiwa waende kwa makuhani, ambao kwa sheria ya wakati ule ndio waliokuwa wapimaji wa ngozi. Hakuna aliyeambiwa kwamba kupimwa ni kutia shaka.

Wewe unajua nini, mwanangu, kwa macho yako? Naona unajua mengi. Uliomba ukapata usingizi baada ya siku nne. Watu wasiokuwa ndugu zako wa damu walikushika mkono kwenye korido za hospitali. Amina moja ilikutosha siku nzima. Ulipasuliwa, ukachomwa dawa, ukapigwa mionzi. Daktari haoni ugonjwa kwa sasa, na unameza kidonge kila siku. Kwangu mimi huo ni ushuhuda mzito, lakini mimi si kikundi chako, na sitasimama pale badala yako.

Unaposema kweli "itakupotezea" watu wale, nakuuliza: umeijaribu kwa mtu hata mmoja? Inawezekana ni kweli. Inawezekana pia kwamba unawapa hukumu ambayo hawajaitoa. Mama aliyekunyoa alikiona kichwa chako kikiwa kitupu kwa sababu ya dawa za hospitali, na hakuacha kuimba.

Kuna mzigo mwingine ambao hukuutaja kwa jina, ila nimeuhisi kwenye barua nzima: mzigo wa kuwa mtu aliyeombewa na watu wengi, ambaye sasa anadaiwa matokeo. Mwaka 2006 yalichapishwa Marekani matokeo ya utafiti wa wagonjwa 1,802 waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo katika hospitali sita. Baadhi waliombewa, baadhi hawakuombewa, na wote hao hawakujua wako upande gani. Kundi la tatu waliombewa na wakaambiwa wazi kwamba wanaombewa. Makundi mawili ya kwanza yalikaribiana: waliopata matatizo baada ya upasuaji walikuwa asilimia 52 na 51. Kundi lililojua ndilo lililozidi, asilimia 59. Simleti mtafiti hapa ili abishane na Mungu. Waombaji wale hawakuwajua wagonjwa, walipewa jina la kwanza na herufi ya jina la ukoo tu, na hakuna aliyekwenda na wembe kumnyoa mtu. Watafiti wenyewe walisema tofauti ile huenda ilitokea kwa bahati tu. Lakini kati ya maelezo yaliyotolewa, moja halijanitoka kichwani: kwamba pengine mgonjwa akijua ameitiwa waombaji huanza kujiuliza, kumbe hali yangu ni mbaya kiasi hiki? Sijui kama ndivyo ilivyokuwa kwao. Kwa kaka yangu ndivyo ilivyokuwa.

Nilimuuguza miezi saba. Aliombewa sana, na watu waliompenda kweli. Alikuwa akisikia shuhuda za waliopona kwa imani yao, kisha usiku, wageni wakiondoka, ananiuliza imani yake ina kasoro wapi. Alikufa akiwa bado anaitafuta hiyo kasoro. Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba wake utolewe na haukutolewa, nami nilimsomea hilo, lakini nilichelewa. Kwa hiyo nisamehe, masikio yangu yana kidonda hapa. Nikisikia ushuhuda huwa namtafuta kwa macho yule aliyekaa nyuma ambaye wake hakupona.

Na hapo ndipo alipokaa dada yako mwenye uvimbe. Kwake huyu sitakuwa na subira kama kwa mengine. Usingoje siku ya shukrani. Wiki tano kwake ni nyingi. Vivimbe vingi vya titi si saratani, kwa hiyo yawezekana anakimbia kisu ambacho hakuna aliyemshikia. Na kama ni saratani, iliyowahiwa hutibika kwa urahisi zaidi kuliko iliyosubiriwa. Mtafute mkiwa wawili tu. Si lazima umfungulie chupa yako yote siku hiyo hiyo. Waweza kuanza na lile lisilo siri, kwamba wewe ulikwenda hospitali, na ulikwenda ukiombewa njia nzima, na sasa unajitolea kumpeleka. Hatari ipo: akikukatalia anaweza kwenda kwa kiongozi akauliza mbona fulani ananipeleka kwa madaktari. Nimeipima hatari hiyo upande mmoja na uvimbe wa miezi minne upande mwingine. Wewe pima kwa mizani yako.

Kuhusu siku yenyewe, njia naziona kadhaa na hakuna iliyo laini. Ya mume wako ndiyo nyepesi kwa siku moja. Anauliza nani atakufa, na nadhani yule dada hamjui. Lakini kuna jambo lingine ndani yake ambalo linanitisha zaidi kwa ajili yako. Tuseme, Mungu apishe mbali, ugonjwa urudi. Ukishatangaza mbele ya umati kwamba umekwisha kabisa, utamwambia nani? Utauficha ugonjwa wenyewe kwa watu wale wale ambao wangeandika zamu tena. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Unaweza kuomba usiwe miongoni mwa wanaoshuhudia, useme hujawa tayari. Ni haki yako, na hakuna uongo ndani yake. Ila kimya nacho hutafsiriwa. Wengine watasema umerudi nyuma kiimani, na yule dada anaweza kujaza mwenyewe ulichokiacha wazi.

Unaweza kumwendea Mama kwanza. Ningetamani sana kuisikia sauti yake utakapomwambia. Huenda akaumia, na si kwa ajili ya dawa: ataumia kwamba umemficha mwaka mzima. Maumivu hayo atakuwa na haki nayo, mwachie nafasi ayaseme. Huenda pia akalipeleka kwa kiongozi kabla hujajipanga, kwa hiyo mweleze mapema unachotaka kibaki kwenu wawili.

Au unaweza kumwendea kiongozi mwenyewe. Simjui. Inawezekana alifundisha vile kwa moyo mweupe bila kujua kwamba mbele yake amekaa mtu mwenye kidonge mkobani, na akijua atafikiri upya. Inawezekana pia akakusukuma zaidi. Ukienda kwake, enda na mtu.

Na kama utasimama na kusema nusu zote mbili, jiandae kwa jambo ambalo nimeliona kwa macho: unamaliza kusema, mshika kipaza sauti anakipokea na kulifupisha lote kwa mdomo wake, "Amina, amepona bila dawa!" Fikiria kabla utafanya nini hapo. Utakirudisha kipaza sauti? Utanyamaza kama siku ile ya joto? Hakuna jibu la aibu, lakini ni vizuri ulijue lako mapema.

Mume wako pia nisingempuuza. Yeye si mtu wa ibada, unasema, lakini ni mtu aliyekaa upande wa pili wa mlango wa bafu usiku ule, na huenda alikusikia hata kwa bomba lililofunguliwa. Anataka jambo hili liishe. Naye aliogopa. Mmewahi kuzungumza, ninyi wawili, juu ya mwaka ule?

Binti yako amekuuliza swali. Umeniandikia swali lake, hukuniandikia ulimjibu nini, na nadhani najua kwa nini. Yeye hana kikundi wala kipaza sauti, na ana miaka tisa, kwa hiyo maneno itabidi yawe machache na ya kweli. Kaa naye siku moja, boksi la dawa likiwa mezani na jina lake halisi, umweleze hizi ni za nini na usiku ule bafuni ulisema nini. Utakayomwambia, yaandike mahali. Huenda ndiyo utakayoyasema siku ya shukrani, huenda yakabaki yenu wawili.

Niandikie, na safari hii usifute.

Shangazi